Mstari Kwenye Sufuria

Ndevu za marehemu zilikuwa zimelazwa juu ya karatasi nyeupe, zimekatwa vipande kumi na vinne vya sentimita moja moja, kila kipande na namba yake. Daktari wa maiti alikuwa amevipanga kuanzia kidevuni hadi nchani, akavitazama kwa fahari ya mtu aliyemaliza kupanga vyombo kabatini.

Kobe hakukaa. Wenzake walimpa jina hilo tangu chuo cha polisi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka katika kila chumba walichopekua, na mwanamke huyo hakuwahi kulichukia. Miaka ishirini na sita ya upelelezi ilimwonyesha kwamba wenye haraka ndio wanaorudi kesho yake kutafuta walichokiruka.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," alisema.

"Mama yangu alikuwa mkunga. Alinizidi akili."

"Basi nieleze kama unamweleza polisi."

Daktari alitabasamu kidogo, kisha akachukua kalamu na kuielekeza kwenye kipande cha kwanza.

"Ndevu huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kinachopita kwenye damu kinaacha alama humo. Kwa hiyo hii ni kalenda. Hapa ni mwezi wa kumi, aliokufa. Huku mwisho ni mwaka na zaidi nyuma. Kila kipande nimekipima aseniki."

"Ile sumu ya panya ya zamani."

"Hiyohiyo. Haina rangi, haina harufu, ulimi hauijui. Na imo kwenye vipande vyote, afande. Huyu hakupewa mara moja. Amepewa kila siku, kidogo kidogo, na kadiri miezi inavyosogea ndivyo inavyozidi. Isipokuwa hapa." Kalamu ilitua kwenye kipande cha saba. "Mwezi wa nne. Imeshuka mpaka karibu na sifuri."

"Mwezi aliolazwa hospitali."

"Mwezi mzima. Alipotoka, ikapanda."

Hicho ndicho kilichombana mkamwana wa marehemu. Binti ya marehemu alikuwa ameandikisha maelezo kwamba baba yake hakula wala kunywa kutoka mkono mwingine ila wa wifi yake, na kalenda ya ndevu ikaja kumuunga mkono: mzee akiwa mbali na mkamwana, sumu inashuka, akirudi kwake, inapanda. Ilikuwa siku ya kumi mwanamke yule yuko mahabusu. Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi, na juu ya jalada mtu alikuwa ameshaandika kosa kwa wino mweusi: mauaji. Kilichobaki ni Kobe kutia sahihi.

"Kwa hiyo sumu ndiyo iliyomuua," alisema.

"Kilichomuua ni nimonia."

"Daktari."

"Sikuchezei. Njoo uone." Alimsogezea picha ya pafu lililopasuliwa. "Njia ya hewa ina ngozi yake ya ndani, laini, yenye vinyweleo vidogo ambavyo jicho halivioni. Kazi yake ni kufagia. Vumbi, makohozi, vijidudu, vyote vinasukumwa juu vikatemwe. Wewe ukipata mafua, ngozi ile inachubuka. Unakohoa wiki, wiki mbili. Wakati huo seli za pembeni zinatambaa, zinaziba pale palipochubuka, unapona na kusahau. Seli za mzee huyu zilikuwa hazitambai. Aseniki huzifanya nzito. Nimekuta michubuko ya zamani na mipya, mmoja juu ya mwenzake, hakuna hata mmoja uliofunga vizuri. Mafua ya kulala na kunywa chai, yeye yalimwachia mlango wazi. Uchafu ukashuka, ukakaa, ukaweka makovu. Mwisho nimonia ikaingia bila kubisha hodi."

Kobe aliitazama picha kwa muda. Pafu lilikuwa na mistari myeupe iliyovutana.

"Alikohoa muda gani?"

"Kwa makovu haya, miaka."

"Na mtu akiacha kuipata hiyo sumu?"

"Akiwahi, mwili hujitengeneza kwa kiasi chake. Akichelewa, kuna vitu havirudi."

Kobe alitoa daftari lake. "Nipe namba za vipande vyote. Sitaki muhtasari. Kimoja kimoja."

Daktari alivuta pumzi ya mtu anayejua hana pa kukimbilia, akaanza kumsomea.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na vyumba vitatu, bati lililofifia, na uani vyanzo viwili vya maji. Bomba lilisimama karibu na mlango wa jiko. Kisima kilikuwa kule nyuma, kimejengewa ukingo wa matofali na kufunikwa ubao, kamba yake imezungushwa vizuri kwenye gogo. Barazani palikuwa na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Mkamwana alikuwa fundi wa kushona nguo za kike, na tangu achukuliwe hakuna aliyekigusa kitambaa kile.

Mume wake alikuwa ameketi kando ya cherehani, ameshika tama. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alirudi kumzika baba yake, akashuhudia mkewe akitiwa pingu pale pale makaburini, na tangu siku hiyo lori lilikuwa limeegeshwa nje kama limekufa nalo. Alimwamkia Kobe kwa sauti ya chini, akarudisha shavu kiganjani.

Aliyempokea ni binti ya marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye chaki kwenye upindo wa mkono. Alikuwa amehamia pale kumtunza mama yake.

"Nilidhani mmeshamaliza," alisema.

"Bado kidogo, mwalimu. Naomba kuona jiko."

Jikoni, juu ya meko, sufuria ya alumini ilikuwa inachemka bila kifuniko. Kobe aliitambua kabla ya kuambiwa. Kwenye orodha ya askari waliopekua mwanzo ilikuwa namba tisa: sufuria moja, imefungiwa peke yake kabatini, ufunguo shingoni mwa mtuhumiwa. Waliiandika, wakaiacha. Kobe aliwalaani moyoni, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao.

"Hii ndiyo iliyokuwa imefungiwa?"

"Ndiyo hiyo," mwalimu alijibu. "Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Sasa niambie wewe, afande, mtu asiye na lake anafungia sufuria?"

"Wewe ndiye uliyepikia maharage humo," sauti ilitoka chumba cha pili. "Baba yako akanywa maji yenye harufu ya maharage siku tatu. Ndipo ikafungiwa."

Alikuwa mjane wa marehemu, amejifunika shuka kitandani, mlango wazi. Alimaliza kusema akakohoa, kikohozi kikavu cha mafua. Mwalimu aligeuza uso. Kobe alizima moto, akasubiri maji yatulie, akainama kutazama ndani.

Sufuria ilikuwa na mstari. Mtu alikuwa ameukwaruza kwa ncha ya kitu chembamba, pengine sindano ya cherehani, ukazunguka pande zote katikati ya kina. Chini ya mstari kulikuwa na ukoko wa kijivu, mgumu, mnene kama ukucha. Kobe alichokoa kipande kwa kisu kidogo, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Mkononi mwa wifi yako uliona nini hasa?" aliuliza huku akiandika. "Uliona akitia kitu?"

"Kutia sikuona. Lakini kila kikombe alikuwa anaweka mdomo kwanza, ndipo anampa baba. Mbele ya watu. Maonyesho matupu. Nani anamwonjea mtu mzima maji?"

Kobe aliandika: *anaonja kila kikombe*. Akapiga mstari chini yake, ingawa kwa wakati ule hakujua kwa nini.

Alirudi barazani, akafunua cherehani, na kwenye droo yake akakuta kile alichotarajia kwa fundi yeyote: futi ya kitambaa, vifungo kwenye kopo, na daftari la vipimo vya wateja. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, tarehe. Alipekua polepole. Mwandiko ulikuwa mdogo na safi, na hakuna wiki iliyopita bila vipimo vya watu watatu au wanne. Halafu ukurasa mmoja uliishia tarehe ishirini na nane mwezi wa sita, na uliofuata ulianzia tarehe tatu mwezi wa nane.

Alifungua daftari lake mwenyewe. Kipande cha nne, mwezi wa saba: juu, sawa na jirani zake.

"Mkeo alikuwa wapi mwezi wa saba?" alimuuliza dereva.

"Kwa dada yake. Alijifungua kwa upasuaji, hakuwa na wa kumshika mkono." Alihesabu kwa vidole. "Wiki tano."

"Mfululizo?"

"Hata siku moja hakurudi. Mbali kule."

"Na mzee alihudumiwa na nani?"

Dereva aliinua macho akamtazama dada yake aliyesimama mlangoni, naye mwalimu akaanza kufuta chaki kwenye upindo wake.

"Uliandikisha kwamba ni mkono mmoja tu," Kobe alimwambia.

"Wiki tano tu, afande. Nilikuwa likizo. Sikuona kama ni jambo."

"Katika wiki hizo tano sumu haikushuka hata kidogo."

Dereva alisimama. Chumbani mama yao alikohoa.

"Unanituhumu mimi?" mwalimu alisema. "Baba yangu mzazi?"

"Nauliza ulimpa nini."

"Nilichoachiwa. Chakula alikula chungu kimoja na sisi sote. Maji nilimpa kama nilivyoelekezwa. Aliniachia kikaratasi."

Kilikuwa bado kimebandikwa kwa ndani ya mlango wa kabati, kwa mwandiko ule ule mdogo wa daftari la vipimo. Kobe alikisoma mara mbili.

*Wifi, maji ya baba. Teka ya kisimani, ya bomba hayataki. Jaza sufuria mpaka ukingoni. Chemsha mpaka yafike kwenye mstari, yasibaki juu yake. Akizidi kukohoa, rudia tena. Yapoe yamefunikwa. Usipikie kitu kingine humo, nakuomba.*

Kobe alikuwa amewakamata watia sumu wawili katika maisha yake ya kazi. Hakuna kati yao aliyemwachia mtu mwingine maelekezo.

Aliingia chumbani, akavuta kigoda karibu na kitanda cha mjane.

"Mama, ya bomba mzee alikuwa hayataki kwa nini?"

"Yananuka dawa, alisema. Bomba lililetwa miaka mitatu iliyopita, sote tukafurahi, nani anataka kuvuta kamba? Yeye akanuna. Kisima alikichimba mwenyewe, mwanangu, mwaka aliostaafu. Alikuwa anakipenda kuliko mimi." Alitaka kucheka, kifua kikakataa. "Basi sisi tukahamia bombani, yeye akabaki na kisima chake. Mkamwana wangu ndiye aliyekuwa anamtekea. Kila siku, asubuhi na jioni."

"Alistaafu kazi gani?"

"Nguzo. Nguzo za umeme. Walikuwa wanazitumbukiza kwenye dawa ya kijani zisiliwe na mchwa, halafu wanazianika. Miaka thelathini. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi wa zamani wakagawiwa viwanja palepale, kama asante. Hapa tulipo ndipo walipokuwa wanazianika. Tulipokuwa tunachimba msingi, udongo ulikuwa na kijani kijani. Mzee akasema ni rangi tu."

Kobe aliacha kuandika.

"Na kuchemsha kulianza lini?"

"Kikohozi kilipoanza kumshika. Nesi wa zahanati alisema achemshiwe maji. Binti wa watu akachemsha. Kikohozi hakikuisha, akasema labda hayajaiva, akazidisha. Mwisho ndipo akaweka ule mstari. Hakuna mtoto wangu wa kumzaa aliyenitunzia mume wangu namna ile." Alisema hivyo akimtazama binti yake, bila kufichaficha.

Mwalimu alikuwa ameingia na chupa ya chai na kikombe. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimimina maji ya uvuguvugu, akamwinua mama yake kwa mkono mmoja.

"Kunywa, mama. Kifua kitalegea."

Kobe aliufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akamkamata mwalimu kifundo.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Nimemchemshia alfajiri. Tangu mazishi ana mafua. Ya kisimani, yale ya baba, mpaka kwenye mstari." Alisita. "Afande, unaniumiza mkono."

*

Daktari wa maiti aliletewa chupa tatu na kipande cha ukoko kabla ya saa sita, akalalamika kwamba yeye ni mtu wa maiti, si wa mabomba, kisha akavaa glavu. Kobe alisubiri kwenye benchi la nje. Mwalimu alisubiri naye. Hakualikwa; alipanda tu gari, akakaa kiti cha nyuma, na hakuna aliyemshusha.

Saa nane kasoro daktari alitoka na karatasi. Alimtazama mwalimu, akamtazama Kobe.

"Sema tu," Kobe alisema.

"Bomba ni safi. Kisima kimezidi kiwango cha kunywa mara kumi na mbili. Ile chupa ya chai, mara ishirini na tano."

"Na ukoko?"

"Umejaa. Nitakuandikia."

"Mara ishirini na tano," Kobe alirudia. "Kwenye chupa ya chai kulikuwa na maji ya kisima na moto, basi."

Daktari alikuwa anatafuta namna ya kueleza, lakini mwalimu alimtangulia. Alisema kwa sauti ya darasani, taratibu, kama kuna watoto hamsini mbele yake.

"Ukichemsha maji ya chumvi, maji huondoka kama mvuke, chumvi hubaki. Maji yakibaki nusu, chumvi ni ileile. Nimelifundisha hilo miaka kumi na tisa. Tunachukua jiko dogo na kikopo. Watoto wanapenda sana."

Daktari aliikunja karatasi yake bila sababu, akaikunjua.

"Moto unaua vijidudu," alisema kwa upole. "Nesi hakukosea kwa hilo. Aseniki haina uhai wa kuuawa."

"Kadiri alivyokohoa ndivyo tulivyochemsha." Mwalimu aliweka mikono mapajani, akaitazama. "Na mimi nikampeleka polisi. Nilisimama makaburini nikamwonyesha kidole. Kile, chenye gauni la bluu, nilisema. Nilimwita kile, kama kitu."

Kobe alikuwa na maneno ya kazini kwa nyakati kama hizo, lakini yote yalikuwa ya kusomwa kwa mtu mwenye hatia. Alimwacha alie. Alienda kwenye simu ya ofisi akampigia mwendesha mashtaka, akamweleza mara mbili, akapewa ruhusa aliyoitaka. Kisha akaipigia idara ya maji, akaomba kisima kifungwe kwa kufuli leo hii, na viwanja vyote vya ule uwanja wa nguzo vipitiwe, nyumba kwa nyumba. Aliulizwa viwanja vingapi. Hakujua. Alisema ataleta orodha ya wafanyakazi wa zamani mwenyewe, na faili jipya, la kiwanda, atalifungua kesho.

*

Chumba cha mahojiano cha mahabusu kilikuwa na meza moja na viti viwili vilivyofungwa sakafuni. Kabla mlango haujafunguliwa Kobe alisikia kikohozi koridoni, kifupi, kinajirudia, na askari wa kike akisema kwa kuchoka, "Huyu naye usiku hatulali."

Mkamwana aliingia, akakaa. Gauni lilikuwa lile la bluu la mazishini, limefuliwa na kukaukia mwilini. Alikuwa na vidole vya fundi, ncha zake ngumu kwa sindano, na alivikunja mezani kama mtu anayesubiri kupimwa.

"Kesho ndiyo kesi?" aliuliza.

"Hakuna kesi. Nimekuja kukutoa."

Hakufurahi. Alimtazama Kobe kwa macho yasiyoamini, ya mtu aliyeahidiwa mengi kwa siku kumi.

"Mmempata aliyefanya?"

"Hakuna aliyefanya. Ni kisima. Dawa ya nguzo ina sumu; ilizama ardhini, ikaingia kwenye maji. Baba mkwe wako ameinywa tangu alipokichimba."

Kobe alimwona mwanamke analigeuza neno lile, analipima, kama kitambaa kabla ya mkasi, na akatamani lisifike mwisho. Aliwahi kuwaona watu wakisomewa kifungo cha maisha kwa uso mkavu kuliko ule.

"Lakini maji nilikuwa nachemsha," mkamwana alisema.

"Najua."

"Nilikuwa nayachemsha sana."

"Najua, mama."

"Haiondoki kwa moto?"

Kobe angeweza kusema hajui. Angeweza kumwachia daktari. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumdanganya mtu aliyeketi upande wa pili wa meza ile, hata walipostahili.

"Haiondoki. Maji ndiyo yanayoondoka. Yenyewe hubaki."

Mkamwana aliinamisha kichwa. Mabega yalianza kutikisika, na mwanzoni Kobe alidhani ni kilio tu, lakini kilio kilikuja na kikohozi, na kikohozi kikamshika mpaka akajiegemeza mezani. Kilipomwachia, alijifuta mdomo kwa upindo wa gauni.

"Ule mstari niliuchora mimi," alisema. "Kwa sindano. Nilisema kabla hayajafika hapo, hayajaiva. Siku aliyokohoa damu nilichemsha mara mbili."

"Uliambiwa uchemshe."

"Niliambiwa yachemke. Sikuambiwa yapungue. Alikuwa ananishukuru, afande. Kila kikombe. Ahsante mama, ananiambia. Ahsante mama."

Kobe alimwacha. Kisha swali likamjia, na hakulipenda. Alifungua daftari, akarudi nyuma hadi kwenye mstari alioupiga asubuhi.

"Hicho kikohozi kimekuanza lini?"

"Hiki? Mafua tu. Tangu mwezi wa tano."

"Sasa ni mwezi wa kumi."

"Hayataki kuisha. Yanapungua, yanarudi."

"Wifi yako alisema ulikuwa unaonja maji yake."

"Nilikuwa naangalia kama yamepoa. Mdomo wake ulikuwa na vidonda, moto ulimuumiza."

"Unaonja tone?"

"Funda." Alifikiri. "Funda mbili. Mara nne, tano kwa siku."

Hakuuliza kwa nini anaulizwa. Kobe aliandika jibu lote, neno kwa neno, akafunga daftari. Alitoa mkasi mdogo na bahasha ya ushahidi.

"Nipe mkono. Nitachukua kucha kidogo, na nywele. Si za polisi, ni za daktari. Kesho asubuhi nitakupeleka kwake mimi mwenyewe, na yeye atatupeleka kwa mwenzake wa vifua. Umewahi, unasikia? Daktari alisema mtu akiwahi, mwili hujitengeneza."

Lile la "kwa kiasi chake" hakulisema. Mkamwana alinyoosha mkono, na Kobe alimkata kucha tano, moja moja, kwa uangalifu ambao hakuwa nao na kucha zake.

"Wifi alichemsha wiki tano nilipokuwa kwa dada," mkamwana alisema ghafla. "Alifuata kikaratasi changu. Asije akaambiwa ni yeye. Tafadhali, mwandike kwamba alielekezwa."

"Nimeandika."

"Na mama? Nani anamhudumia mama?"

"Anakunywa ya bomba. Tangu leo asubuhi."

Walimrudishia vitu vyake kwenye mfuko wa karatasi: ufunguo wa kabati na kamba yake, viatu, kitambaa cha kichwa. Alitia sahihi. Mwandiko ulikuwa ule mdogo, safi.

Nje, jua la saa kumi lilikuwa kali ukutani. Mwalimu alisimama kando ya geti, mume wa mkamwana nyuma yake na lori limewashwa. Hakuna aliyemkimbilia mwenzake. Mwalimu alikuwa na chupa ya maji mkononi, ameishika kwa mikono yote miwili. Mkamwana alikaribia hatua chache, hewa ya nje ikamgusa kifua, akaanza kukohoa. Alikohoa akiwa ameinama, mkono kwenye goti, na kila mmoja pale getini alikuwa akisikia kikohozi cha marehemu.

Mwalimu alifungua chupa, akamnyooshea.

Mkamwana aliitazama. Hakuipokea mara moja.

"Ya wapi?" aliuliza.

"Ya bomba, wifi."

Aliichukua, akaisogeza puani. Ilinuka dawa, kama mzee alivyokuwa akilalamika. Akainywa yote bila kuonja kwanza, na wifi yake akamshikia mfuko.